Mwalimu, lifungue daftari la shabiki kabla ya kulitupa

Katika shule nyingi za Kibera na Kawangware kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mwanafunzi anaijua: daftari lililobandikwa picha za wanasoka likionekana darasani, hunyakuliwa papo hapo. Mwalimu huliweka mezani, baadaye huliingiza kabatini, na mwisho wa muhula hulitupa pamoja na karatasi za mitihani iliyopita. Mwenye daftari huambiwa kwamba mpira hautamlisha, na kwamba akili anayoitumia kukariri majina ya wachezaji angeitumia kukariri ngeli. Nia yangu leo ni kuwashawishi walimu wenzangu kwamba kitu hicho tunachokitupa ni kitabu, na mara nyingi ndicho kitabu pekee ambacho mtoto huyo amewahi kukiandika kwa hiari yake.

Hebu kwanza tulifungue. Madaftari niliyopata kuonyeshwa na wanafunzi wa Makina na Gatwekera kule Kibera, na wa Gatina kule Kawangware, yanafanana kama kurwa na doto. Karatasi zake hazikununuliwa dukani. Katika mitaa hii gazeti moja husomwa na watu wengi kabla ya kumaliza safari yake. Huanza kwa yule aliyelinunua asubuhi, likapitia kwa kinyozi na kwa fundi viatu, likaishia kwa muuza nyama ambaye huyanunua makuukuu kwa kilo ili afungie bidhaa yake. Mengine hubandikwa kwa uji wa unga kwenye kuta za udongo ili kuzuia vumbi na upepo, na mtoto akalala akiutazama msimamo wa ligi ya miaka miwili iliyopita. Njiani kote huko shabiki mdogo huingoja zamu yake, wembe mkononi.

Picha ikipatikana hugandishwa kwenye kipande cha boksi la biskuti kilichokatwa kadiri ya karata. Upande wa nyuma huandikwa kwa kalamu jina la mchezaji, nambari ya jezi, klabu, idadi ya mabao na tarehe. Kadi hizo hubadilishanwa wakati wa mapumziko kwa bei inayojulikana na wote: kipa mmoja kwa walinzi wawili, mshambuliaji mmoja kwa kipa na kiungo. Taarifa ndefu isiyotosha kwenye kadi hunakiliwa daftarini, pamoja na jedwali la ligi ambalo hurekebishwa kila baada ya mechi.

Mchezo huu si wa Kibera pekee. Nchini Marekani mashabiki wa besiboli wamekusanya kadi za wachezaji kwa zaidi ya karne moja. Kadi maarufu za awali, zilizotolewa kati ya 1909 na 1911, zilitiwa ndani ya pakiti za sigara ili kuwavutia wanunuzi. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Huko Italia kampuni ya Panini, iliyoanzishwa mjini Modena mwaka 1961, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa mashindano ya Mexico ya mwaka 1970, na tangu hapo watoto wa mataifa mengi wamekuwa wakizijaza albamu zake. Hakuna anayewacheka watoto hao, wala wazee walioendelea na ukusanyaji huo hadi uzeeni.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Mtoto wa Chicago hununua kadi ambayo takwimu zake zimekwisha kupigwa chapa nyuma yake. Mtoto wa Kawangware huzitafuta takwimu hizo mwenyewe, huzilinganisha gazeti kwa gazeti, na kuziandika kwa mkono wake. Akikosea, wenzake humkosoa pale pale uwanjani bila huruma. Nawauliza walimu wanaofundisha kuandika: kati ya hawa wawili, ni yupi aliyefanya kazi kubwa zaidi ya kielimu?

Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo niruhusiwe kulitazama daftari hili kwa jicho la taaluma yangu. Mtoto wa mitaa hii huzungumza Sheng na Kiswahili cha Nairobi, ambacho hakishughulishwi sana na upatanisho wa kisarufi. Akisimulia mechi kwa mdomo atasema timu yake imefunga "magoli mbili". Lakini akishika kalamu kuinakili taarifa ya gazeti, huandika "mabao mawili", na baadaye, akiiandika taarifa yake mwenyewe kwa kuiga ile ya gazeti, huandika vivyo hivyo bila kuambiwa na mtu. Ngeli ambayo sisi tumehangaika kumwekea ubaoni imemwingia kwa mlango wa nyuma. Waama, lugha sanifu humkaa mtu pale anapoihitaji kwa jambo analolipenda.

Tutazame tena vitenzi. Mwandishi wa habari za michezo katika gazeti la Kiswahili haridhiki kusema kwamba timu fulani ilishinda. Timu hulaza, huchapa, hucharaza, huzaba, hukung'uta na huduwaza. Maneno haya hayatumiwi kiholela. Atakayefunga bao moja la dakika ya mwisho atakuwa amewalaza wapinzani wake, au pengine amewaponyoka. Atakayefunga manne ndiye aliyewakung'uta. Shabiki wa miaka 12 huzijua daraja hizi za maana kwa usahihi ambao wanafunzi wangu wa chuo kikuu huonyesha kwa nadra wanapochambua visawe. Fauka ya hayo, anajua kwamba kitenzi huficha upande wa msemaji. Gazeti moja likiandika kwamba Gor Mahia iliicharaza AFC Leopards, na jingine likaandika kwamba Leopards iliteleza mbele ya Gor Mahia, mechi ni ile ile na matokeo ni yale yale. Kilichobadilika ni moyo wa mwandishi. Huu ni uhakiki wa matini, na mtoto ameuanza kabla hatujamfundisha neno lenyewe.

Majina ya utani nayo ni somo kamili la uundaji wa maneno. Arsenal wamekuwa Wanabunduki na Manchester United wakawa Mashetani Wekundu, kwa tafsiri ya moja kwa moja. Tusker, klabu iliyobeba jina la bia, huitwa Wanamvinyo, ijapokuwa mvinyo hutokana na zabibu na bia hutokana na shayiri. Mwanafunzi akiligundua kosa hilo amejifunza tofauti ya maana pana na maana finyu. Ingwe, jina la Leopards, ni chui kwa Kiluhya. K'Ogalo humpeleka msomaji katika masimulizi ya Waluo kuhusu Gor Mahia, mganga mashuhuri aliyeipa klabu jina. Sofapaka hujiita Batoto ba Mungu, na kiambishi hicho "ba" mahali pa "wa" humfunulia mtoto wa Nairobi kwamba kuna Kiswahili cha Kongo chenye kanuni zake. Hata jina Kibera, kutokana na Kibra, ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Ni mwalimu gani angekosa la kufundisha hapo?

Wapo watakaosema kwamba lugha ya michezo ni ya kihuni na itaharibu insha. Siafiki. Lugha hii ililelewa na watu waliokimudu Kiswahili barabara. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alikuwa mtangazaji yule yule aliyeendesha tangu mwaka 1966 kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, na pia aliyetangaza mpira redioni. Wasikilizaji wasiokuwa na nauli ya kufika uwanjani waliuona mpira kwa maneno yake, na asubuhi yake wakahakikisha gazetini walichokisikia. Msamiati uliokusanyika hivyo una maneno ya kukopa yaliyovishwa sauti zetu, kama vile kipa, refa, kona, penalti na hatriki. Una pia maneno ya asili yaliyopewa kazi mpya: kuotea kwa mshambuliaji aliyewatangulia walinzi, na bao, ambalo pia ni jina la mchezo wa kete uliochezwa pwani tangu kale. Lugha inayoweza kukopa na kurithi kwa wakati mmoja ni lugha yenye afya.

Wengine huhofia kwamba mpira wetu umejengwa juu ya ukabila na kwamba kuuingiza darasani ni kuleta fitina. Hofu hiyo ina msingi. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilitokana na jamii ya Waluo. Watu wa Kibera wanajua kuliko wengi gharama ya ukabila, kwa maana waliilipa mwanzoni mwa mwaka 2008. Lakini tulitazame daftari tena. Shabiki wa Gor hawezi kuiweka sawa historia ya mechi za mahasimu hawa bila kuyaandika mabao ya Leopards, wala shabiki wa Leopards hawezi kulijaza jedwali lake bila pointi za Gor. Daftari lenye ushindi pekee halibadilishwi na mtu, kwa sababu halina thamani. Wananchi wenyewe wameipa mechi hii jina la Mashemeji, yaani watani waliooana. Neno hilo linafaa kuandikiwa insha nzima juu ya namna Kiswahili kinavyoweza kumgeuza hasimu akawa mkwe.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Ukiyapekua madaftari ya siku hizi, kurasa nyingi ni za klabu za Uingereza. Vibanda vya video huandika kwa chaki mlangoni ratiba ya mechi za Arsenal na Manchester United, na picha za kubandika ni za huko huko. Simwiti mtoto huyo msaliti. Yeye hukusanya kilichochapishwa, na kilichochapishwa kwa wingi ni cha wengine. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Kawangware anaweza kukutajia wafungaji wa fainali za Ulaya mwaka baada ya mwaka, ilhali hawezi kusema lolote juu ya World Hope, klabu ya mtaani mwake iliyotwaa Kombe la Rais mwaka 2005 na ambayo baadaye ikawa Nairobi City Stars. Mwenzake wa Kibera anawajua Wanabunduki wote lakini Kibera Black Stars, wanaofanya mazoezi karibu na mlango wake, hawana ukurasa.

Na historia ipo, tena ya kujivunia. Leopards ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1979 ikapigwa na Canon ya Yaoundé, ikarejea mwaka 1987, ikatoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis na 1-1 hapa Nairobi, na ikalibeba kombe kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mwaka 2015 ilimaliza ligi bila kushindwa hata mara moja. Victor Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013, na Michael Olunga akafunga mabao 28 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani mwaka 2020. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kucheza fainali za Kombe la Dunia, katika Jamhuri ya Dominika. Ni kadi ngapi za wasichana hao zilizotengenezwa katika shule zetu? Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na mali hii yetu inaisha tukiitazama.

Kuna mwingine ambaye hakulidharau daftari hilo. Tangu kampuni za kamari ziliposambaa nchini katika muongo wa 2010, ujuzi wa shabiki umepata mnunuzi. Kijana anayejua timu ipi hushinda nyumbani na ipi hulegea ugenini ndiye mteja anayetafutwa. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu ya kaka au ya mjomba haiulizi umri. Pita jioni kituo cha 46 huko Kawangware, au pembezoni mwa soko la Toi, uwasikilize vijana wakijadili "mkeka". Neno hilo, ambalo kwetu lilikuwa la kulalia na kukaribishia wageni, sasa ni orodha ya ubashiri iliyowekewa fedha, nao mkeka "ukichanika" chakula cha siku kimekwenda. Nimeona madaftari ambayo kurasa zake za mwanzo zina majedwali safi ya ligi, na kurasa za mwisho zina safu zile zile za kushinda, kushindwa na kutoka sare, isipokuwa kwamba kando yake pameongezwa kiasi cha shilingi. Mwandiko ni ule ule na bidii ni ile ile. Ujuzi umepata bwana mwingine.

Sidai kwamba somo la Kiswahili litaiangusha kamari. Nasema tu kwamba mtoto aliyeona ujuzi wake ukiheshimiwa darasani ana sababu moja zaidi ya kuutumia pengine, na mtoto aliyenyang'anywa daftari lake mbele ya wenzake amepewa funzo kwamba shule haina haja na anachokijua. Nani basi atakayemlaumu akimwendea mwenye haja nacho?

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fungu kutoka wizarani. La kwanza, angalau kipindi kimoja kila baada ya majuma mawili kitengwe kwa kusoma taarifa za michezo. Wanafunzi walete taarifa mbili za mechi moja, wazilinganishe vitenzi, na waseme ni ipi iliyopendelea na kwa neno gani. La pili, zoezi la wasifu lifanywe kwa kadi. Kila mwanafunzi atengeneze kadi ya mchezaji mmoja wa mtaani kwake, mvulana au msichana, kwa kumhoji mwenyewe: alizaliwa wapi, alianza kucheza lini, amefunga mabao mangapi, nani alimfundisha. Kadi ni ndogo, kwa hiyo atalazimika kuchagua neno na kuacha neno, na hiyo ndiyo kazi ngumu kupita zote katika uandishi. La tatu, madaftari yaliyokamilika yasitupwe. Yatafutiwe rafu katika maktaba ya shule, au yapelekwe katika maktaba za umma kama ile ya Kibera, yahifadhiwe kama kumbukumbu za mtaa.

Nitaambiwa kwamba walimu wana kazi tele na darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi. Ni kweli. Lakini mtaala wa umilisi tulionao unatutaka tuanze na mazingira ya mwanafunzi na tupime anachoweza kukitenda. Mwanafunzi huyu ameshatenda. Mzigo wetu ni kumsoma. Nanyi wanafunzi, msitumie maneno yangu kama cheti cha kubandika picha wakati wa hesabu. Daftari lina wakati wake, na heshima yake itatokana na usafi wa kilichoandikwa ndani yake.

Mwaka 2027 mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yameratibiwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Uwanja wa Talanta wa mashabiki 60,000, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2024 kando ya Ngong Road, uko kwa mwendo wa miguu kutoka Kibera na pia kutoka Kawangware. Kelele za mashabiki zitasikika hadi kwenye vyumba ambamo watoto wetu hulala. Wapiga picha watatoka pande zote za dunia, na watakapoondoka watachukua kumbukumbu zao. Zitakazobaki hapa ni zile tulizoziandika wenyewe. Kwa hiyo, mwalimu, siku utakapolikuta tena daftari la picha chini ya dawati, lichukue ukipenda, lakini usome ukurasa mmoja, usahihishe upatanisho kwa kalamu nyekundu, kisha umrudishie mwenyewe aendelee na ukurasa wa pili.